Nakala ya Monet yenye saini ya penseli: nimalizie malipo?

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Naishi Bwiru, Mwanza, nyumba ya mlimani, na dirisha kubwa la sebule linatazama ziwa upande wa magharibi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitaka picha moja nzuri ya ukutani, na nimeipenda ile ya mchoraji Mfaransa Claude Monet iitwayo Impression, soleil levant: jua la rangi ya chungwa asubuhi, maji ya kijivu na buluu, mashua ndogo mbili tatu mbele. Nikiitazama naona soko la samaki la Mwaloni alfajiri, kabla kelele za samaki hazijaanza.

Muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam anayo ikiwa tayari kwenye fremu. Vipimo vya picha ni sentimita 60 kwa 90. Fremu ni ya rangi ya dhahabu, ina kioo, na picha imelala moja kwa moja kwenye kioo. Chini kulia kuna saini ya Monet kwa penseli na namba 112/500, na inakuja na cheti cha uhalisi. Bei ni shilingi 950,000 pamoja na kuituma kwa basi. Nimeshatoa kianzio cha 200,000, naye anasema nikichelewa ataiuza kwa mwingine kwa sababu toleo hilo ni adimu.

Nilipanga kuitundika ukuta wa mashariki, unaotazamana na dirisha, juu ya kochi la watu wawili lenye urefu wa sentimita 150. Ukuta huo kwa nyuma umeegemea mwamba, na masika plasta yake hubadilika rangi kwa chini. Picha yetu ya harusi iliyokuwa hapo imeng'ang'ania kioo na ina madoa ya kahawia. Ukuta wa kusini uko wazi. Fundi seremala wa hapa mtaani anasema anaweza kutengeneza fremu ya mninga, ila hajawahi kufanya ya picha ya sanaa.

Je, bei hiyo ni halali? Na nifanye nini ili isiharibike kama ya harusi?

Mama wa Bwiru

JIBU

Dada yangu, usitume shilingi nyingine kwanza. Tuanze na ile saini, maana ndiyo inayobeba bei yote.

Monet alifariki tarehe 5 Desemba 1926. Uchapaji wa kazi za sanaa kwa mashine za kunyunyiza wino kwenye karatasi nzito ulianza kuenea karibu na mwaka 1990. Hakuna namna mkono wake ungeifikia karatasi unayouziwa. Namba ya aina ya 112/500 ina maana pale msanii aliye hai anapochapa nakala 500, akazikagua na kuzisaini moja moja, kisha akaliharibu bamba la kuchapia ili isitoke nyingine. Hapa hakuna bamba, kuna faili la kompyuta, na faili hutoa nakala ya 501 kwa kubonyeza kitufe. Saini ya kweli ya kazi hii imo ndani ya mchoro wenyewe, chini kushoto, kwa rangi: jina lake na tarakimu 72, yaani 1872. Mchoro huo uko katika jumba la makumbusho la Marmottan Monet mjini Paris. Uliwahi kuibwa mwaka 1985 na ukapatikana 1990.

Kuichapa si kosa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ulaya ni miaka 70. Kwa Monet muda wote huo umekwisha, na yeyote anaweza kuchapa kazi yake na kuiuza. Kosa la muuzaji wako ni kuuza penseli yake kwa jina la marehemu. Nakala ya kazi kama hii hulipiwa karatasi, wino, ustadi wa mchapaji, kioo, mbao na usafiri, basi. Mwambie akuchanganulie hiyo 950,000 kwa mafungu hayo. Cheti nacho, kama ni cha maana, hutaja aina ya karatasi, aina ya wino, nani alichapa na lini. Kisichotaja hayo ni karatasi ya mapambo.

Vipimo vina tatizo jingine. Mchoro halisi una sentimita 48 kwenda juu na 63 kwenda upande. Ukiukuza hadi upana ufike 90, urefu unafika 68 na nusu. Yeye anakupa 60. Maana yake sentimita 8 na nusu zimekatwa, yaani sehemu moja ya nane ya picha: ama anga la juu, ama maji ya chini pamoja na saini halisi. Angalia picha aliyokutumia. Kama pembeni chini kushoto huoni jina la Monet kwa rangi, ujue limekwenda na kisu, kisha likarudishwa kwa penseli upande wa kulia. Chukua ukubwa wa mchoro wenyewe, 48 kwa 63. Monet na wachoraji wenzake waliweka miguso mifupi ya brashi iliyopimwa kwa jicho la mtu aliyesimama hatua chache. Ukiikuza karibu mara moja na nusu, miguso inakuwa mabaka na ukungu wa asubuhi unatoweka.

Sasa kipimo tunachokipenda kuliko vyote, nacho hakikugharimu kitu. Piga picha ya nakala kwa simu, mchana, bila flashi, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kwenye mchoro wa Monet jua lile lina mng'ao karibu sawa na kijivu kinacholizunguka. Margaret Livingstone wa Chuo Kikuu cha Harvard, mtafiti wa jinsi ubongo unavyoona, ndiye aliyelieleza hili vizuri: sehemu ya ubongo inayosoma mwanga na giza karibu hailioni jua hilo, inayosoma rangi inaliona, na kutopatana huko ndiko kunakolifanya lionekane kama linatetema. Kwa hiyo kwenye nakala nzuri, ukiondoa rangi, jua linakaribia kuyeyuka angani. Likibaki linawaka kama balbu, mchapaji ameongeza ukali wa mwanga na giza ili picha ivutie kwenye simu, na asubuhi ya Le Havre, bandari ya Ufaransa iliyochorwa humo, imegeuka bango la hoteli. Nakala nyingi zinaanguka hapo.

Karatasi na wino utavijua kwa vifaa vilivyo karibu nawe. Nenda kwa sonara, muombe lenzi yake ya kukuza mara 10, uangalie sehemu ya anga. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa mpangilio kama maua madogo yanayojirudia, hilo ni bango la kiwandani la ofseti, yaani lililochapwa kwa wingi kwa bamba; si baya, lakini bei yake ni ya bango. Ukiona vumbi laini la vitone visivyo na mpangilio, imechapwa kwa kunyunyiza wino. Kisha pita kwa wakala wa pesa mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti, uimulike sehemu nyeupe ya karatasi. Ikiwaka buluu kali, ina dawa ya kung'arisha, na dawa hiyo hufifia na kuiacha karatasi ya manjano. Karatasi ya pamba isiyo na dawa hubaki imefifia chini ya taa hiyo. Omba karatasi ya pamba asilimia 100, isiyong'aa, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na wino wa pigmenti. Wino wa rangi ya kuyeyuka hupauka haraka, na unyevu wa ziwani huufanya utambae kwenye karatasi. Flexi na stika za mabango ziache kwa mabango.

Ushauri wetu ndio huu: nunua karatasi peke yake, fremu itengenezwe Mwanza. Toka Dar es Salaam hadi kwako ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na kioo kilicholazwa kwenye buti ya basi kikivunjika hukata karatasi pia. Karatasi isafiri imeviringishwa, upande wa picha ukiwa nje, ndani ya bomba gumu lenye kipenyo cha angalau sentimita 10. Ikifika, ilaze juu ya meza safi siku mbili, imefunikwa kwa karatasi nyeupe na kitu chepesi kilicho bapa, ndipo ishikwe na fundi. Ukiagiza nje ya nchi, muulize wakala wa forodha jumla ya ushuru kabla hujalipa. VAT peke yake ni asilimia 18.

Mchapaji yeyote utakayempata, muulize faili lina pikseli ngapi. Kwa upana wa sentimita 63, pikseli 5,000 ndiyo sakafu, 7,400 ndiyo nzuri kabisa. Asikutumie faili kwa WhatsApp kama picha ya kawaida maana hupunguzwa. Litumwe kama dokumenti. Kabla hajachapa yote, alipie au ulipie wewe kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 20 chenye jua na maji yaliyo chini yake. Kipande hicho kitazame nyumbani kwako, mchana na usiku. Taa nyeupe yenye ubuluu hulifanya chungwa la jua liwe kama matofali. Kama sebule yako ina taa hizo, badili balbu kabla hujamlaumu mchapaji. Na ikiwa faili zuri la mchoro huu halipatikani, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York hutoa bure faili kubwa za kazi zilizotoka kwenye hakimiliki. Humo kuna daraja la Villeneuve-la-Garenne alilolichora Alfred Sisley mwaka huohuo wa 1872, mto na mwanga wa mchana, kazi ya rika moja na hiyo yako na ukubwa unaokaribiana.

Fundi wako wa mninga anatosha, mradi apewe vipimo na asifanye kwa mazoea. Mwambie mchapaji aache ukingo mweupe wa sentimita 2 na nusu kuzunguka picha. Juu ya karatasi inakuja kadibodi yenye dirisha, wengine huiita paspatu, unene wa milimita 2, isiyo na asidi. Dirisha liwe sentimita 64 kwa 49, ili nusu sentimita ya ukingo ionekane kila upande. Pande tatu za kadibodi ziwe na upana wa sentimita 7 na chini 8, kwa sababu chini ikilingana na juu, picha huonekana kama inateremka. Kioo kwa hiyo ni 78 kwa 64. Nafasi ya ndani ya fremu ikatwe 78.3 kwa 64.3, zile milimita 3 ni za kupumua, mbao na kadibodi havitanuki kwa pamoja. Kina chake kiwe milimita 15: kioo 3, kadibodi ya mbele 2, ya nyuma 2, hadibodi 3, na inayobaki ni ya misumari ya kushikilia. Kadibodi hiyo si rahisi kuipata mjini, iagize kwa mchapaji, vipande viwili, vifungwe katikati ya plaiwudi mbili.

Picha yenu ya harusi iliharibika kwa sababu iligusa kioo. Usiku kioo hupoa haraka kuliko chumba, mvuke wa ndani ya fremu unageuka maji juu yake, na picha inajibandika. Paspatu ndiyo inayoitenga karatasi na kioo. Ile ya dhahabu unayouziwa haina, kwa hiyo ingefuata njia ileile.

Namna ya kuishika karatasi ndiyo inayowashinda mafundi wengi. Ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani au utepe wa kitambaa usio na asidi, upana wa sentimita 2 na nusu, vikiibandika kwenye kadibodi ya nyuma. Karatasi ining'inie. Akiibandika pande zote nne, mvua za Novemba zitaitanua, itakosa pa kwenda, na itafanya mawimbi. Kiangazi cha Julai kitaivuta, pengine ichanike. Gundi ya kupikwa iwe ya wanga wa ngano, si uji wa unga wa ngano, mende wanaupenda. Selotepu hapana. Gundi ya mpira hapana. Gundi mbili-upande ya mafundi simu hapana. Zote huacha doa la mafuta linalojitokeza mbele baada ya muda, na hakuna wa kuliondoa.

Kati ya kadibodi ya nyuma na hadibodi weka karatasi ya plastiki safi ya poliesta, kwani hadibodi hutoa asidi. Kisha kioo, kadibodi zote na plastiki vifungwe pamoja pembeni kwa utepe, mzunguko mzima, kabla havijaingia kwenye fremu. Wewe unaishi ziwani, unawajua wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi na kujaa kwenye kila taa. Wanapita kwenye mwanya wa milimita moja, wanafia juu ya karatasi, na mwili mmoja uliopondeka huacha doa. Kwa sababu hiyohiyo usiweke taa ndogo juu ya picha, hata kama umeziona za namna hiyo kwenye majumba ya makumbusho.

Mninga wenyewe uwe mkavu. Mbao mbichi ikisinyaa, kona za digrii 45 hufunguka kwa ndani. Siku ya kupokea jaribu kwa kadi ya benki: ukingo wake usiingie kwenye kona yoyote. Tazama pia vitundu vidogo na unga laini chini ya mbao, hao ni dumuzi, na fremu hiyo usiipokee hata kwa bei ya nusu.

Sasa ukuta. Wa mashariki uuache kabisa. Kuanzia saa kumi jioni hadi jua linapozama, mwali wa dirisha la magharibi unaupiga moja kwa moja, na hakuna wino unaovumilia hivyo kila siku. Kioo nacho kitakuonyesha dirisha badala ya Monet. Na mwamba ulio nyuma yake unaleta maji. Hamishia kochi na picha ukuta wa kusini. Uujaribu kwanza: bandika kipande cha plastiki cha sentimita 30 kwa 30 kwa utepe pande zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, ukuta una maji. Yakiwa mbele, ni unyevu wa chumba tu. Jambo moja la kuangalia: mwezi Juni jua huzama kaskazini kidogo mwa magharibi, na mwali hukata sebule kuelekea kusini-mashariki. Kwa hiyo tundika upande ulio karibu na dirisha, si mwisho wa ukuta.

Fremu yenye mbao ya sentimita 4 itakuwa na upana wa 85 hadi 86, inatosha vizuri juu ya kochi la 150. Ukingo wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi. Kioo cha milimita 3 cha ukubwa huo kina kilo 3.7, na jumla inafika kama 6, hivyo msumari mmoja hautoshi. Toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 40, drili ya milimita 6, plagi za plastiki, skrubu za milimita 50 ili zipite plasta na kushika tofali. Kona mbili za chini, kwa nyuma, bandika vipande vya mpira au kizibo vya milimita 5 ili hewa ipite. Ukisafisha kioo, nyunyizia kitambaa, kamwe usinyunyizie kioo. Maji huteremka na kunywewa na kadibodi.

Kuhusu 200,000 zako, usigombane naye kwa simu, andika. Muulize kwa ujumbe maswali manne: nani aliyeweka saini ya penseli, karatasi ni ya aina gani, wino ni wa aina gani, na kwa nini picha imekatwa kutoka 48 kwa 63. Akikiri kwamba saini si ya Monet, una haki ya kurudishiwa pesa, maana bidhaa si ile iliyotangazwa. Akikazania kwamba ni ya Monet, hifadhi ujumbe wake na muamala wa kianzio, huo ndio ushahidi wako mahali popote utakapolalamika. Kuna njia ya tatu, kama ni mchapaji kweli: kianzio kigeuzwe malipo ya nakala mpya ya 48 kwa 63, bila penseli, bila fremu, yenye ukingo wa sentimita 2 na nusu, itanguliwe na kipande cha majaribio, na risiti ya EFD itaje aina ya karatasi na wino.